Waceke na Helikopta ya Fundi Okello

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule nilikuwa na kazi tatu, na zote sikuzipenda. Kufagia baraza ya duka la mama pale Langas, Eldoret, kuchota maji mferejini, na kumwamsha mdogo wangu ambaye hakuamka mpaka umwite mara kumi. Nikimaliza nilikunywa uji, nikavaa sweta na kushika njia. Mwaka huo wa themanini na saba nilikuwa darasa la saba, tena kiranja. Nayasema haya mapema ili mjue nilivyojiona. Siku ya maziwa ya Nyayo, yale ya bure ya serikali, mimi ndiye niliyegawa zile pakiti za pembe tatu, na aliyeniudhi alipata iliyovuja.

Rafiki yangu wa dawati moja alikuwa Chepkoech, msichana wa maneno machache. Kwao kulikuwa kando ya barabara ya kwenda Plateau, ambako mama yake alifuga ng'ombe wawili watatu wa maziwa. Tuligawana kila kitu, kuanzia kifutio hadi mahindi ya kuchoma. Katika hesabu mimi nilikuwa wa kwanza, yeye wa nne au wa tano, na mpango huo ulinifaa sana.

Jumatatu moja ya mwezi wa Juni, mwalimu mkuu, Bwana Gichuru, aliingia darasani na mgeni. Mgeni alikuwa amebeba kitu kilichofunikwa kwa shuka. Alipoifunua ile shuka, darasa zima lilipiga kelele. Ilikuwa helikopta! Urefu wake ulitoshana na dawati, ina mapanga mawili juu, mkia, miguu, na injini ndogo ambayo ingeweza kuenea mfukoni.

"Mimi naitwa Jacktone Okello," mgeni akasema. "Ni fundi kwenye kiwanda cha nguo. Niliwahi kupelekwa Ujerumani miezi sita kusomea mashine za kufuma. Wenzangu walirudi na redio. Mimi nikarudi na hii, na mke wangu hajanisamehe mpaka leo."

Tukacheka. Akatuonyesha kisanduku cha kuiongozea, chenye vijiti viwili na antena ndefu. Akatuambia haikuwa kitu cha kuchezea, kwa sababu yale mapanga ya mbao yakizunguka yangeweza kumkata mtu vibaya.

"Mwalimu mkuu anataka niirushe Siku ya Wazazi," akaendelea. "Nimekataa. Wakiniona mimi, watasema, ah, huyo ni fundi, ni kazi yake. Nataka airushe mwanafunzi. Nina wiki tano tu, na mapanga ya akiba ni jozi moja. Mengine hutoka ng'ambo kwa posta, miezi mitatu. Kwa hiyo nitafundisha mtu mmoja."

Nilikaa wima. Mtu mmoja! Nani mwingine kama si mimi?

Fundi Okello alitutoa nje akampa kila mmoja mpini wa ufagio, tuusimamishe juu ya kiganja bila kuushika, huku yeye akihesabu. Wengi walifika tano au sita ukaanguka. Mimi nilifika thelathini na nane. Nilikimbia na ule mpini uwanja mzima, nikimsukuma huyu na yule, na ulipoanguka nilimgombeza Kituyi kwa sababu alikuwa amecheka. Chepkoech alijaribu mara tatu: kumi na nne, kumi, ishirini. Kila ulipoanguka, aliuokota kimyakimya akaanza tena.

"Nimempata," akasema Fundi. "Huyu hapa. Unaitwaje, mama?"

"Chepkoech."

Nilidhani sikusikia vizuri. Haiya! Ishirini dhidi ya thelathini na nane? Hata mtoto wa darasa la kwanza alijua ipi ni kubwa. Wenzangu walimkumbatia Chepkoech, nami nikamkumbatia, lakini mikono yangu ilikuwa baridi na sikumtazama machoni. Wivu ulinishika tangu dakika hiyo, na kusema kweli, sikufanya lolote kuutoa.

Mazoezi yalifanywa asubuhi, Fundi alipotoka zamu ya usiku, kwenye kiwanja kilicho nyuma ya nyumba za wafanyakazi wa kiwanda. Eldoret iko juu, na Fundi alisema hewa yake ni nyepesi, mapanga hayapati cha kukamata jua likishapanda. Asubuhi hewa ni baridi na nzito, helikopta huinuka vizuri. Kiwanja hicho kilikuwa njiani mwangu. Upande mmoja palikuwa na ukuta wa stoo, na hapo ndipo waliposimama Fundi na Chepkoech. Upande wa pili, mkabala nao, palikuwa na ua wa kayaba wenye miiba. Nyuma ya ule ua nilisimama mimi, nikichungulia.

Nilianza kuamka kabla mama hajaniita. Mama alifurahi, akadhani nimependa kazi. Nilifagia mbiombio, nikachota maji nikimwaga nusu njiani, nikakimbia kwenda kujificha kwenye baridi ile ya Juni, umande ukinilowesha soksi.

Wiki ya kwanza nilicheka peke yangu. Helikopta haikuruka hata kidogo! Chini yake Fundi alikuwa amefunga mianzi miwili iliyokingamana, kila ncha ina mpira wa tenisi, ili isipinduke ikitua vibaya. Chepkoech aliwasha, akaiburura chini huku na huku, akazima. Mkia ulikuwa upande wake kila wakati. Wiki ya pili iliinuka shubiri moja kutoka chini, ikatua. Shubiri moja, ikatua. Kila ilipoyumba Fundi alisema maneno yale yale: "Ukichanganyikiwa, shusha!" Naye Chepkoech alishusha.

"Mimi ningekuwa nimeshafika juu ya miti," nilinong'ona mle kayabani.

Nilitengeneza kisanduku changu kwa kopo tupu la mafuta ya kupikia na vijiti viwili. Jioni nilikaa nyuma ya duka nikafanya kila nilichokiona asubuhi. Kijiti cha upande wa kulia kikisukumwa, helikopta inapanda, kikivutwa, inashuka. Cha upande wa kushoto kinaipeleka huku na huku. Nilirudia mara mia, mpaka vidole vikazoea kufanya vyenyewe.

Shuleni mambo yalizidi kunichoma. Mafuta ya ile injini yalichanganywa na mafuta ya mbarika, na Chepkoech alikuja darasani akinukia yale mafuta. Wenzetu walimzunguka wakati wa mapumziko. "Tuambie, imefika wapi leo?" Yeye alijibu polepole, akionyesha kwa mkono. Hakuna aliyeniuliza mimi lolote. Siku ya maziwa ilipofika, nilimpa pakiti iliyovuja.

Aliitazama, kisha akanitazama. "Waceke, kwani nimekukosea?"

"Ala! Nimesema kitu mimi?"

Wiki ya nne, siku ya Jumanne, helikopta iliinuka ikafika kifuani mwa Fundi ikakaa pale pale, imetulia, dakika nzima. Fundi alivua kofia akairusha juu. Alicheka, akampa Chepkoech mkono kama mtu mzima mwenzake. Nilishika tawi la kayaba bila kuangalia, mwiba ukaniingia, na sikuusikia.

Mchana huohuo, tukitoka darasani, nilimwambia Chepkoech, "Nimekutana na Fundi Okello njiani. Amesema usiende tena."

Alisimama. "Amesema nini?"

"Usiende tena. Eti mikono yako ni mizito. Anatafuta mwingine."

"Lakini leo asubuhi alinipongeza."

"Labda alikuonea haya. Watu wazima ndivyo walivyo."

Hakuniuliza zaidi, kwa sababu hakufikiri hata mara moja kwamba ningemdanganya. Na Jumatano alfajiri nilikwenda kiwanjani kwa miguu yangu, safari hii upande wa ukuta.

"Shikamoo, Fundi. Chepkoech amenituma. Hataki tena. Mama yake anamhitaji kazi za ng'ombe."

Uso wa Fundi ulisawijika. "Jana tu alikuwa hapa amefurahi! Jameni, kwa nini hakuja kuniambia mwenyewe?"

"Anaona haya. Lakini mimi naweza, Fundi. Amenifundisha kila kitu."

Alinitazama, macho yakatua kwenye beji ya sweta yangu. "Wewe ndiye kiranja, sivyo?"

"Ndiyo."

"Basi. Njoo Ijumaa. Zimebaki siku nane, tutaona."

Aliniamini kwa sababu ya ile beji ya ukiranja. Siku zile mbili Chepkoech alikaa kando yangu dawatini akiwa ameinamia daftari, na mara mbili niliona chozi likidondokea ukurasa. Nilijifanya natafuta kalamu.

Ijumaa kulikuwa na ukungu kidogo na hakukuwa na upepo. Fundi aliifunga ile mianzi, akaiwasha injini kwa betri ya gari, akanipa kisanduku. Kilikuwa kizito kuliko kopo langu. Mkia ulinielekea, kama ilivyotakiwa. Hatimaye!

"Shubiri moja tu," akasema Fundi. "Panda, tua. Basi."

Nilisukuma kijiti cha kulia. Haikupanda. Iliinamisha pua ikaanza kujiburura mbele. Nikasukuma zaidi, ikazidi kuinama. Nikafikiri, wacha niinyooshe na kile cha kushoto. Nilikisukuma cha kushoto, na helikopta ikaruka juu kwa mlio mkali, juu kuliko vichwa vyetu, juu kuliko ilivyowahi kufika kwa Chepkoech.

"Shusha!" Fundi akapiga kelele. "Shusha!"

Nilivuta kwa nguvu kijiti cha kushushia, kile cha kulia nilichozoea. Helikopta haikushuka. Iligeuza njia ikarudi nyuma, mkia mbele, moja kwa moja mpaka tulipokuwa. Nilivuta zaidi. Fundi alinisukuma chini kwa bega akaninyang'anya kisanduku. Nilisikia upepo wa mapanga juu ya kichwa changu, kisha mlio wa mbao zikivunjika ukutani, kisha kimya.

Nilipoinua uso, Fundi alikuwa amejishika mkono. Kipande cha panga kilikuwa kimemchana juu kidogo ya kifundo cha mkono, na damu ilikuwa ikitiririka. Alitoa leso akaifunga kwa meno. Helikopta ililala chini ya ukuta bila mapanga, mianzi imekatika, mpira mmoja wa tenisi ukibingirika uwanjani.

"Umeumia?" akaniuliza.

"Hapana. Wewe ndiye umeumia, Fundi."

"Hiki ni kidonda cha fundi, kitapona." Alikaa juu ya jiwe. Hakunifokea, na heri angenifokea. "Waceke, nani alikufundisha?"

"Chepkoech."

"Hapana. Chepkoech hupandisha na kushusha kwa mkono wa kushoto. Wewe umetumia wa kulia. Tena hukusita, mkono ulikwenda wenyewe, kama wa mtu aliyefanya mazoezi mengi." Alikaza fundo la leso. "Kule kiwandani nimefundisha watu wengi kufuma. Wako ambao kabla sijawafundisha huwa wamejaribu kujifunza kwa kuchungulia kutoka ng'ambo ya pili ya mashine. Ukiwapa mashine, kazi ya mkono huu wanaifanya kwa mkono ule. Walikuwa wakimtazama mwenzao usoni, kwa hiyo kushoto kwake kukawa kulia kwao. Sasa niambie, ulikuwa ukisimama wapi?"

Niliinua kidole nikauonyesha ua wa kayaba.

"Siku ngapi?"

"Tangu mwanzo. Wiki nne."

"Wiki nne! Kwenye baridi hii!" Alitikisa kichwa. "Kutoka pale mpaka hapa ni hatua ngapi, hamsini? Ungezipiga, ukasema, 'Fundi, naomba kuangalia,' ningekukataza?"

Hilo swali ndilo lililonivunja. Sikuwahi kulifikiria hata siku moja. Nilitaka kuwa pale peke yangu, bila Chepkoech, na kama si hivyo basi heri nigande mle kayabani.

"Na Chepkoech," akaendelea polepole, "ni kweli hataki?"

Nilianza kulia, nikasema yote. Nilivyomdanganya yeye, nilivyomdanganya Fundi, hata ile pakiti ya maziwa. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Unajua kwa nini nilimchagua?" akauliza. "Si kwamba wewe hujui. Lakini mpini ulipokuwa ukianguka wewe ulisukuma watu ili usianguke, na ulipoanguka ukatafuta wa kulaumiwa. Yeye aliuacha ukaanguka akaanza upya. Anayeanza kurusha kitu kama hiki ataanguka mara mia. Asiyekubali kuanguka ataumiza watu." Alisimama. "Leo jioni utakwenda kwao. Utamwambia kwa mdomo wako mwenyewe. Nami nitamwambia Bwana Gichuru."

Bwana Gichuru aliniita ofisini kabla ya mapumziko ya saa nne, akaitoa beji kwenye sweta yangu kwa mkono wake. Lakini hilo lilikuwa jepesi kuliko la jioni.

Nilimkuta Chepkoech nje ya nyumba yao akisugua mkebe wa maziwa. Nilisimama mbele yake nikasema bila kupumzika, nikiogopa nikipumzika nitashindwa. Alisugua mkebe mpaka nilipomaliza. Kisha akauweka chini.

"Siku tatu," akasema. "Siku tatu nimekuwa nikijiuliza nilikosea wapi. Nilimwambia mama nimefukuzwa. Na wewe umekaa karibu yangu ukiniona nikilia?"

"Ndiyo."

"Ukanyamaza?"

"Ndiyo. Nilikuwa na wivu, Chepkoech. Nisamehe."

"Nenda nyumbani, Waceke."

Sikumlaumu. Nilirudi Langas nikikokota miguu, na mama aliponiuliza nimepatwa na nini, nilimwambia naye. Alinichapa maneno mpaka usiku ukaingia.

Fundi alifunga yale mapanga ya mwisho ya akiba. Kazi yangu ilikuwa kukata mianzi mipya, kuja kila asubuhi kabla yao, na kupangusa mafuta kwenye helikopta mazoezi yakiisha. Chepkoech alirudi Jumatatu. Kwangu alikuwa na maneno ya kazi tu. "Lete betri." "Sogea." Lakini sasa nilisimama nyuma yake, upande wa ukuta, na kwa mara ya kwanza niliiona mikono yake jinsi ilivyokuwa. Ilisogea kidogo mno, kama mtu anayeonja chumvi.

Siku ya Wazazi ilifika, na kwaya ikaimba kupita kiasi. Kisha zikafuata hotuba, moja baada ya nyingine, na ya diwani ikawa ndefu kuliko zote. Tulipoitwa ilikuwa saa sita kasoro, jua kali, upepo umeanza. Fundi alitazama juu akasema kwa sauti ya chini, "Hewa imekuwa nyepesi. Tungerusha saa mbili, lakini nani angemkatiza diwani?"

Chepkoech alisimama katikati ya uwanja mbele ya wazazi mia tatu. Helikopta iliinuka hadi kiunoni, upepo ukaipiga, ikaanza kuyumba kuelekea walikokaa watoto wa chekechea. Kidole cha kushoto cha Chepkoech kikarudi nyuma taratibu. Ikatua.

"Imekataa!" mtu mmoja akapaza sauti. Wengine wakacheka. Mimi ningeipandisha tena papo hapo kwa hasira ili wanyamaze, na Mungu ajuaye ingeangukia nani. Yeye alingoja. Alingoja mpaka bendera mlingotini ikalala. Kisha akaipandisha, kiunoni, kifuani, juu ya kichwa, ikasimama hewani imetulia, na uwanja wote ukanyamaza. Alipoishusha, akina mama walipiga vigelegele, na mama yake, Mama Chepkoech, alivua kitambaa cha kichwa akakipeperusha.

Wivu ulikuja tena, nawaambia ukweli. Ulikuja nikaujua ni wenyewe. Lakini nilipiga makofi mpaka viganja vikaniuma.

Watu walipotawanyika kwenda kula, Fundi alitikisa tangi. "Kuna mafuta ya dakika tatu. Chepkoech, unayamaliza?"

Chepkoech alitikisa kichwa. Kisha akaja akanitundikia kisanduku shingoni, akasimama nyuma yangu, akakishika kidole gumba changu cha kushoto.

"Ni hiki," akasema. "Na ukinidanganya tena, nitakuchapa."

Helikopta iliinuka shubiri moja, ikatua. Ikainuka tena, ikatua. Sikujua kwamba shubiri moja ni ngumu kiasi hicho.

Mafuta yalipokwisha, tulichuchumaa sote watatu tukaanza kupangusa. Fundi, mkono wake ukiwa bado na bandeji, akasema, "Nisikilizeni, ninyi wawili. Kila mahali mtakapokwenda mtamkuta mtu anayejua jambo ambalo ninyi hamlijui. Itawauma, ni kawaida. Msikae mbali mkimtazama kwa chuki, maana mtaiona kazi yake kinyume na mtaharibu yake na yenu. Mwendeeni, mkasimame naye, mwambieni awafundishe. Hakuna aibu katika kuomba, Waceke. Aibu ni ile uliyobeba siku tatu."

"Ndiyo, Fundi," nikasema, nikipangusa mapanga.

Chepkoech akanirushia kitambaa kikavu. "Umesahau mkia," akasema.